Mvumo wa Masikioni Unapozidi Baada ya Makelele

Miongoni mwa mambo yanayomsumbua binadamu pasipo kuacha alama yoyote ya nje, mvumo wa masikioni una nafasi ya pekee. Anayesumbuliwa nao husikia sauti ambayo jirani yake, hata akitega sikio namna gani, haisikii. Mmoja hueleza kuwa ni mlio wa nyenje wakati wa usiku. Mwingine husema ni birika linalochemka, au mngurumo wa mashine iliyo mbali, au mkwaruzo wa redio isiyoshika kituo. Madaktari huiita hali hiyo tinitasi, jina lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulia kama kengele. Hasa si ugonjwa, bali ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili ya mambo mengi yasiyofanana. Wala si jambo la nadra. Uchambuzi wa tafiti za mataifa mbalimbali uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa katika kila watu wazima 100, wapatao 14 wamepata kuusikia, na 2 hivi miongoni mwao huusikia kwa ukali mkubwa.

Makala hii inahusu kundi moja tu la watu hao, kundi ambalo husahauliwa mara nyingi: wale ambao mvumo umo masikioni mwao kwa miaka mingi, wakauzoea, kisha siku moja ukaongezeka kwa sababu ya makelele. Mfano wake ni fundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, ambaye kazi yake ni kugonga nyundo juu ya bati tangu asubuhi hadi jioni, akitengeneza majiko, masufuria na masanduku ya wanafunzi. Mlio mwembamba amekuwa nao tangu ujana, na haumnyimi usingizi. Kisha huenda harusini, akaketishwa mbele ya vipaza sauti virefu kuliko yeye, na kwa kuwaheshimu wenyeji asithubutu kuhama. Anaporudi nyumbani usiku wa manane masikio yameziba kana kwamba yametiwa pamba, na ule mlio mwembamba umegeuka king'ora. Asubuhi haujaondoka. Siku ya tatu bado upo. Hapo swali moja humkaba koo kuliko mengine yote: je, ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho wa maisha?

Jibu haliwezi kueleweka pasipo kwanza kutazama jinsi sikio linavyofanya kazi.

Ndani ya sikio

Mawimbi ya sauti huingia katika tundu la sikio na kuitikisa ngoma yake. Mtikiso huo hupokelewa na mifupa mitatu midogo, nyundo, fuawe na kikuku, nayo huupeleka ndani katika kiungo kilichojisokota mfano wa konokono, kiitwacho koklea. Koklea imejaa majimaji, na ndani yake zimepangwa chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno. Safu moja ya ndani ina chembe zipatazo 3,500, na safu tatu za nje zina zipatazo 12,000. Chembe zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha namna wimbi linavyosafiri katika kiungo hicho.

Inafaa kuzitazama hesabu hizo kwa makini. Jicho moja lina chembe za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Sikio lina chembe zisizofika hata 20,000. Kwa upande huu sikio ni maskini, na maskini akiibiwa kidogo huumia sana. Tena chembe hizo zikifa hazioti tena kwa binadamu wala kwa mnyama yeyote anyonyeshaye. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kuwa ndege ni tofauti: kuku aliyeharibiwa sikio kwa kelele huota chembe mpya baada ya majuma machache. Mwenye kuku hakujaliwa hivyo.

Kelele kubwa huziinamisha chembe hizo kama mpunga uliolazwa na mvua ya mawe. Ikiwa kelele haikuwa kali kupita kiasi wala haikudumu sana, vinyweleo husimama tena na usikivu hurudi baada ya saa kadhaa au siku chache. Huku ndiko kuziba kwa masikio kunakojulikana na kila aliyewahi kutoka katika ukumbi wa dansi. Kelele ikizidi, chembe nyingine hazisimami tena. Zinazoumia zaidi ni zile za sauti za masafa ya hezi 3,000 hadi 6,000, na ndiyo sababu mtu aliyeharibiwa na makelele husikia kwamba mwenzake anazungumza lakini hutatizika kutofautisha herufi kama s, f na sh. Mvumo wenyewe, kwa watu wengi wa aina hii, hulia katika eneo hilohilo la sauti nyembamba.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa usikivu ukisharudi basi madhara yamekwisha. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Marekani, walioitwa Kujawa na Liberman, waliitia imani hiyo mashakani. Waliwaweka panya katika kelele kwa muda wa saa 2, wakasubiri hadi vipimo vya usikivu vikarudi vilivyokuwa. Chembe zote zilikuwa hai. Lakini viunganisho baina ya chembe hizo na mishipa ya fahamu vilikuwa vimepotea, mahali pengine vikifika nusu yake. Ni kwa kiasi gani jambo hilo huwapata binadamu bado ni suala la ubishi miongoni mwa wataalamu. Hata hivyo linatosha kumpa tahadhari mganga anayemwambia mgonjwa kuwa kwa kuwa kipimo ni kizuri, basi analolisikia ni wazo tu.

Sauti hutoka wapi?

Jambo la ajabu ni kwamba mvumo huu, ijapokuwa huanzia katika dhara la sikio, kwa kawaida haupigwi na sikio. Wapo wagonjwa waliokatwa mshipa wa kusikia kwa sababu ya uvimbe, na wengi wao wakaendelea kusikia mvumo katika sikio ambalo sasa halikuunganika na ubongo kabisa. Hali hiyo hufanana na ya mtu aliyekatwa mguu ambaye bado anahisi vidole vikimuuma. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka sehemu fulani ya koklea, huongeza nguvu ya mapokezi yake. Ni sawa na msikilizaji wa redio ambaye, kituo kikiwa dhaifu, huzungusha kitufe cha sauti hadi mwisho: hapati taarifa ya habari iliyo wazi zaidi, bali hupata mikwaruzo mingi zaidi.

Mikwaruzo hiyo imo kwa kila mtu. Mwaka 1953 Wamarekani wawili, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenya sauti, mmoja mmoja, wakawataka waandike wanachokisikia. Asilimia 94 waliandika kuwa wamesikia vilio na mivumo, ingawa chumbani hamkuwa na chochote.

Kuna jambo la pili ambalo ni muhimu zaidi kwa mtu ambaye mvumo wake umeongezeka. Ubongo hausikilizi sauti zote kwa usawa. Mama aliyelala usingizi mzito hasikii lori lipitalo barabarani, lakini mtoto akikohoa mara moja huamka. Lori halina maana kwake. Kikohozi kina maana. Mwaka 1990 Pawel Jastreboff alitoa nadharia kuwa mvumo huwa adha pale unapoingizwa katika kundi la kikohozi badala ya kundi la lori, yaani ubongo unapoufungamanisha na hatari. Mtu akiogopa, huusikiliza; akiusikiliza, huusikia zaidi; akiusikia zaidi, huogopa zaidi. Vipimo vinaunga mkono wazo hilo. Wagonjwa wanapoombwa kulinganisha mvumo wao na sauti ya chombo, kwa wengi hulingana na sauti inayozidi kwa desibeli chache tu ile ndogo kabisa wanayoweza kuisikia. Tena wanaoteseka sana si lazima wawe wale wenye mvumo mkubwa.

Haya hayana maana kwamba mgonjwa anajitungia. Dhara la sikio ni la kweli na ongezeko ni la kweli. Ila katika siku zile za kwanza baada ya makelele, mambo mawili hutokea kwa pamoja: sikio lililochoka ambalo mara nyingi litapata nafuu, na hofu ambayo, ikiachwa ikue, inaweza kudumu hata baada ya sikio kupumzika.

Siku za kwanza

Lililo la haraka ni kupambanua hatari. Iwapo usikivu wa sikio umepotea ghafla, hasa sikio moja, katika muda wa saa chache au siku 3, hiyo ni dharura. Dawa za jamii ya steroidi huweza kusaidia, na zinafaa kuanzwa mapema, kabla ya majuma 2 kupita. Anayengoja mwezi mzima akitumaini kuwa sikio litazibuka lenyewe huenda akakuta mlango umefungwa. Kadhalika daktari aonwe ikiwa mvumo unadunda sambamba na mapigo ya moyo, ikiwa uko upande mmoja tu, au ukifuatana na kizunguzungu, usaha au damu. Mlipuko ni jambo la peke yake: wimbi lake huweza kuichana ngoma ya sikio, na waliokuwa karibu na milipuko ya mabomu ya Mbagala mwezi Aprili 2009 na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011 walistahili kupimwa hata kama hawakuvuja damu. Ngoma iliyochanika mara nyingi huunga yenyewe kwa majuma kadhaa, mradi haikuingiwa na maji.

Ndiyo maana kutia mafuta ya taa, maji ya kitunguu au dawa ya mitishamba katika sikio linalovuma ni kosa. Unyoya wa kuku na njiti ya kiberiti navyo havina kazi humo, isipokuwa kuisukuma nta ndani na kuongeza mvumo.

Zipo pia dawa za hospitali ambazo zenyewe huvumisha masikio. Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa habari za kwinini: aliyetibiwa malaria kwayo alijua kuwa kichwa kitalia kama mzinga wa nyuki kwa siku kadhaa, kisha kitanyamaza. Aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya vivyo hivyo. Hatari zaidi ni jamii ya streptomaisini, jentamaisini na kanamaisini, kwani hizo huua chembe za koklea, na makelele yakiambatana nazo madhara huzidi. Kanamaisini, iliyotumika sana kwa kifua kikuu sugu, iliondolewa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa zinazopendekezwa kwa ugonjwa huo. Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake. Amweleze daktari kuwa ana mvumo, ili daktari achague akijua.

Zaidi ya hapo, sikio lililopigwa na makelele lipewe mapumziko ya siku kadhaa mbali na nyundo, mashine na muziki mkubwa. Lakini mapumziko si ukimya mtupu, na hapa ndipo wengi hukosea njia.

Hatari ya ukimya

Aliyeumizwa na kelele huanza kuogopa kila sauti. Huziba masikio sokoni, kisha ndani ya basi, kisha hata nyumbani watoto wanapocheza. Jambo hilo linaeleweka, nalo lina madhara. Mwaka 2012 watafiti nchini Uingereza waliwaziba sikio moja watu 18 kwa siku 7. Kati yao, 14 walianza kusikia mivumo ambayo haikuwapo, nayo ikatoweka kizibo kilipoondolewa. Ubongo ulionyimwa sauti uliongeza kitufe chake, sawasawa na nadharia ilivyotabiri. Kwa hiyo vizibo ni vya mahali penye makelele hasa. Katika sauti za kawaida za maisha, sikio liachwe wazi.

Usiku ndio wakati mgumu. Nyumba inaponyamaza, mvumo hubaki peke yake kama taa gizani. Dawa iliyothibitika kwa uzoefu wa muda mrefu ni kuweka sauti nyingine ndogo chumbani: feni, redio iliyopunguzwa, au sauti ya mvua iliyorekodiwa katika simu. Wazo hili si geni. Tabibu Mfaransa Jean Marc Gaspard Itard aliandika mwaka 1821 kuwa mwenye mvumo mzito akae karibu na moto unaonguruma, na mwenye mlio wa kuchuruza atie kuni mbichi motoni, kwa kuwa kuni mbichi nazo huchuruza. Karne moja na nusu baadaye, katika miaka ya 1970, Jack Vernon wa Oregon, Marekani, alitengeneza vifaa vya sikioni vyenye kutoa sauti ya kufunika mvumo. Inasimuliwa kuwa alipata hamu ya kazi hiyo baada ya mgonjwa mmoja kutuama kando ya chemchemi ya maji mjini Portland na kukataa kuondoka, kwa kuwa hapo tu ndipo mvumo wake uliponyamaza. Wataalamu wa siku hizi wengi hushauri sauti hiyo isiuzamishe mvumo kabisa, bali iwe chini yake kidogo, ili ubongo uendelee kuusikia na kuuzoea. Ubongo hauwezi kuzoea usichokisikia.

Kwa aliyepungukiwa na usikivu, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza adha, kwani hurudisha habari zile ambazo ubongo ulikuwa ukizitafuta. Bei yake bado ni kizuizi kikubwa kwa fundi wa kawaida.

Dawa ya kumeza inayoondoa mvumo haijapatikana. Vidonge vya mti wa ginko, vinavyouzwa kwa bei kubwa, vimejaribiwa mara nyingi na faida yake haikuonekana. Tiba yenye ushahidi bora zaidi ni ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hufundishwa kuyatambua na kuyapima mawazo yanayoukuza mvumo. Tathmini ya majaribio iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kuwa tiba hiyo hupunguza mateso, ingawa haipunguzi ukubwa wa sauti yenyewe. Wataalamu wake katika Afrika Mashariki ni wachache na wako mijini. Hata hivyo baadhi ya mashauri yake hayahitaji mtaalamu: kuacha kuupima mvumo kila asubuhi, kwa mfano, maana anayeuuliza kila siku kama bado upo ndiye anayeuita. Aidha kulala na kuamka kwa saa zilezile, na kutoacha ibada, mazoezi wala mikutano ya jamaa kwa sababu yake. Mazoea huja polepole; kwa wengine huchukua miezi, na hayaji kwa mstari ulionyooka. Siku mbaya katikati ya siku njema si ushahidi kuwa sikio limeharibika upya. Lakini mvumo unapoleta kukata tamaa ya kuishi, mgonjwa apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, kama angepelekwa mwenye homa kali.

Kurudi kazini

Inabaki nyundo. Mwaka 1713 Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kuwa wafua shaba wa Venice huwa viziwi kwa sababu ya kazi yao. Mwaka 1886 Thomas Barr aliwapima waunda matangi ya mvuke 100 mjini Glasgow, asipate hata mmoja mwenye usikivu mzima. Mafundi bati wa leo wanafanya kazi ileile, mara nyingi bila bima, na ushauri wa kuacha kazi si ushauri kwa mtu ambaye kazi hiyo ndiyo karo na kodi ya nyumba.

Kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupunguzwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kanuni za viwanda za Kenya za mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, kiwango ambacho ni kikubwa mno kwa sikio lililokwisha kuumia. Kwa muziki wa kumbini Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 wastani usiozidi desibeli 100, na hata huo unamtosha mtu kwa robo saa kwa kipimo cha kazini. Mahali pa wazi, umbali ukizidishwa mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Anayehama kutoka mita 2 hadi mita 8 mbele ya kipaza sauti hupunguza desibeli 12. Kumbini faida ni ndogo kuliko hiyo, kwa sababu kuta hurudisha sauti.

Pamba kavu ambayo mafundi wengi hujitia haizuii chochote cha maana. Vizibo vya sponji vinavyofinywa na kuachwa vitanuke sikioni huzuia vizuri, mradi viingizwe kwa mikono safi na hadi ndani. Kizibo kinachoning'inia mlangoni mwa sikio ni pambo. Vikinga vya kufunika sikio lote hufaa zaidi kwa kazi ya kugonga na kuacha, kwa kuwa huvaliwa na kuvuliwa upesi, ila joto la Dar es Salaam huwafanya wengi wavitundike shingoni.

Kelele pia inaweza kupunguzwa pale inapozaliwa. Bati linalogongwa likiwa limetandazwa juu ya chuma hulia lote kama kengele. Likiegemezwa juu ya gogo au gunia la mchanga hulia kidogo, kwa sababu mchanga humeza mtikiso. Kwa kazi za kunyoosha na kukunja, nyundo ya mti au ya mpira hufaa kama ya chuma. Na mafundi 10 wanaogonga bega kwa bega chini ya paa moja la mabati hupokea, kila mmoja, kelele za wenzake 9 juu ya zake. Kuwatenganisha, au kupanga kazi nzito za kugonga ziwe katika saa maalumu za siku, hakugharimu fedha. Kunahitaji chama cha mafundi kikae na kukubaliana.